Ukurasa wa Mdogo Wangu

Siku niliyonunua ile kompyuta nilionywa, na aliyenionya sikumpenda tangu alipofungua kinywa. Alikuwa fundi Mkongo mwenye meza yake barazani mwa duka, mjini Arua, na mbele yake zilikaa mashine mbili za bei moja. Ya kwanza ilikuwa mpya, nyembamba, rangi ya fedha, bado ina nailoni yake. Ya pili ilikuwa nyeusi na nzito, imetumika ng'ambo miaka mingapi sijui, kona moja imemeguka. Fundi akanisukumia ile nyeusi.

"Mama, kamata hii," alisema. "Iko na memori munane. Ile ya mupya iko na ine tu, na wameichomea ndani, hauwezi kuongeza."

Nilimwonyesha kibandiko cha ile mpya. "Mbona hapa wameandika sitini na nne?"

"Ile ni kabati, Mama. Ya kuweka vitu. Memori ni meza ya kufanyia kazi. Hii mashine iko na kabati, lakini meza yake iko kidogo sana. Ukijaza vitu mingi, itaanza kutupa vingine chini. Mutu anakuuzisha sura."

Mimi ni mwanamke wa Koboko, nimekulia sokoni. Mtu akinisukumia kitu kwa nguvu, najua kimemdodea. Nikachukua ile mpya, nikaondoka na nailoni yake, na njia nzima nilijiona mjanja.

Leo nikiulizwa kama kompyuta hizi za bei ya chini zina memori ya kutosha kwa pesa tunayotoa, najibu hapana, tena kwa hasira. Nne inamtosha mtu anayeandika barua moja kisha akazima. Wanaoziuza wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana kabati wanaliandika kwa herufi kubwa na meza wanaiandika kwa herufi za sisimizi. Lakini hasira yangu haiishii kwao, na hapo ndipo ninapopata tabu kusimulia.

Nilikuwa karani wa kituo cha masomo ya watu wazima pale Koboko. Mwaka ule tulikuwa na watahiniwa thelathini na wawili wa kidato cha nne, watu wenye watoto na biashara zao, na mmoja wao alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja. Alikuwa msafishaji katika kliniki moja. Wenye kliniki walimwahidi nafasi ya kusomea uuguzi akileta cheti, ila walisema wangemngoja mpaka matokeo ya mwaka ule tu. Baada ya hapo nafasi ingekwenda kwa mwingine. Alikuwa akiandika fomula za kemia kwa chaki juu ya sakafu ya saruji, anazisoma kwa sauti mara tatu, halafu anazipiga deki.

Usajili wa mtihani ulifanywa kwa mtandao, kila mtahiniwa na fomu yake. Watu wetu ni wa dakika za mwisho, huyu hajaleta picha, yule picha yake imekataliwa, hata tukafika siku ya kufunga. Mtandao wa Koboko ulikuwa umelala siku tatu. Asubuhi na mapema nikaenda Arua na mashine yangu. Nilifuatana na mtahiniwa mmoja, mama mwenye duka la vitenge, aliyetaka kuona kwa macho yake jina lake likiingia. Jamaa yetu akatupa chumba cha mbele nyumbani kwake.

Sasa, sisi tuliojifunzia mtandao katika vile vibanda vya Arua vya kulipia kwa saa tuna tabia yetu. Hatufungui ukurasa mmoja mmoja. Mtandao kwetu ni kama maji ya bomba: ukija, unajaza madumu yote kwanza, kutumia baadaye. Kwa hiyo saa tatu nilifungua kurasa zote thelathini na mbili, moja kwa kila mtu, ndipo nikaketi kujaza. Kutuma nilikuacha mwisho, nikishakagua zote, kama nilivyozoea.

Kufika saa tano herufi zilianza kuchelewa. Ninaandika jina, ninasubiri litokee. Mashine haikuwa na feni wala haikutoa sauti yoyote. Iliwaka moto tu chini ya viganja vyangu na kunyamaza, na ule ukimya ulinitia hofu ambayo sikutaka kuisikiliza. Nilijiambia ni mtandao.

Saa nane nilimaliza fomu ya mwisho, ya mdogo wangu. Nilimweka wa mwisho kwa makusudi. Kwetu Wanubi, mwanamke anayepakua chakula cha shughuli huanza na wageni, na watoto wake wanakula kilichobaki kwenye sufuria. Ukianza na wa kwako, utasemwa mpaka uzeeni.

Nikarudi kwenye ukurasa wa kwanza ili nikague. Ulizunguka kidogo, ukawa mweupe, halafu fomu ikarudi tupu. Jina hakuna, picha hakuna. Nikafungua wa pili, nao mtupu. Nilifungua wa kumi, wa ishirini, na zote mashine ilikuwa imeziangusha kimyakimya ili ipate nafasi ya zinazofuata. Uliobaki mzima ulikuwa ukurasa mmoja tu, ule niliotoka kuujaza.

Ulikuwa mbele yangu, umejaa, jina lake, picha yake, masomo yake yote, na chini yake kitufe cha kutuma. Kubonyeza mara moja tu, basi.

Mama wa vitenge aliinama karibu na kioo. "Madamu, hii moja iko salama," alisema. "Hii si ya dada yako?"

Aliuliza tu. Hakuwa na ubaya wowote, nimeyafikiria maneno yake mara nyingi na siuoni ubaya. Lakini uso wangu ulipata moto kama wa mtu aliyekamatwa na mkono ndani ya chungu.

"Naanza na nyinyi," nikamjibu. "Huyu wangu atangoja."

Usajili ulikuwa unafungwa saa kumi na moja. Nikaanza upya, fomu moja, natuma, fomu nyingine, natuma. Wingu lilitanda, mvua ikapiga mabati hata tukawa tunasemezana kwa kupaza sauti. Mama yule alinisomea majina na tarehe kutoka kwenye karatasi, na lilipoingia lake alisema alhamdulillahi ingawa yeye ni Mkristo. Nilicheka. Ndicho kicheko changu cha mwisho siku ile.

Saa kumi na dakika arobaini nilikuwa nimetuma thelathini na moja. Nikagusa ukurasa wa mdogo wangu. Ukawa mweupe.

Niliandika jina lake upya. Nilipoingiza picha, mashine iliganda, mshale umesimama katikati ya kioo, haujibu. Nilifikiria simu, lakini picha na vyeti vyake vilikuwa ndani ya ile mashine. Nikaizima kwa nguvu, nikaiwasha. Ikaniandikia kwamba inajisasisha, nisiizime. Nilikaa nikitazama namba zikipanda kidogokidogo. Ilipofunguka ilikuwa saa kumi na moja na dakika sita, na tovuti ilikuwa na mstari mmoja tu, kwamba usajili umefungwa. Nilipiga simu ofisi ya mitihani. Aliyepokea alinijibu kwa upole kuwa hana la kufanya.

Sikuweza kumwambia kwa simu. Kesho yake asubuhi nilimfuata kliniki, nikamkuta ukumbini na ndoo yake.

"Dada, mimi iko namba ngapi ya mtihani?" aliniuliza, anacheka.

Nilimweleza yote, na hata habari ya kitufe sikuificha. Hakulia. Aliegemeza fagio ukutani taratibu.

"Yangu ilikuwa imejaa?"

"Imejaa."

"Na uliacha?"

"Niliogopa watu watasema."

"Uliogopa watu," alisema. "Hao watu wote iko na ndugu zao. Mimi iko na wewe tu."

Akachukua ndoo, akaingia chumba cha wagonjwa. Nilimsubiri hadi mlinzi akaniuliza kama ninaumwa.

Nafasi ya uuguzi ilikwenda kwa mwingine, kama walivyosema. Mdogo wangu bado anasafisha pale. Tukikutana kwa mama yetu hunisalimia vizuri, hunipakulia chakula, huniuliza hali ya watoto. Hajanitukana hata siku moja. Ila dada haniiti tena. Ananiita Madamu, kama wale thelathini na moja.