Nilivyogombea gauni la harusi kwenye mnada wa mtandaoni: uzi kwa wanaoanza

Wakuu, nawasalimu kutoka Usa River. Wakubwa shikamooni, wadogo shikamoo zenu nazipokea.

Juzi kuna dada humu aliuliza kama kununua nguo kwa mnada wa mtandaoni ni salama kwa mtu ambaye hajawahi. Nikaanza kumjibu, jibu likawa refu kuliko uzi wake. Nikaona nifungue wa kwangu.

Haya sikusimuliwa. Yalinipata mwenyewe, na mashahidi wapo hai, nikiongeza chumvi watanisuta.

Turudi miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Soko huria limeshachanganya, mitumba imejaa mji mzima, maduka ya watu binafsi kila kona, na intaneti kafe zimeota kama uyoga pale Arusha mjini. Unalipia nusu saa, dakika kumi zinaisha unasubiri ukurasa ufunguke.

Mimi nilikuwa karani kwenye shamba la maua hapa Usa. Oda zilikuja kwa email, kwa hiyo kompyuta nilikuwa naijua. Nikajiona mtaalamu kabisa. Subirini.

Mdogo wangu Penina alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwetu Kikatiti. Akapata mchumba, Elibariki, fundi umeme wa Machame, kijana mtulivu. Mahari ikatoka, kanisani wakatangazwa. Furaha tupu.

Sasa wakuu, Penina ni mrefu. Sisemi mrefu wa kawaida. Mlango wa nyumbani kwetu anainama ndipo apite. Mabega nayo mapana. Tangu shuleni alizoea kutembea amejikunja ili asionekane.

Tukaenda mjini kutafuta gauni la kukodi.

Duka la kwanza, gauni liliishia juu ya vifundo vya miguu. La pili, zipu iligoma katikati. La tatu, muuzaji alimwangalia juu mpaka chini, akamwambia mwenzake, "Huyu labda ashonewe turubai."

Wakacheka. Penina naye akacheka. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo, kwamba na yeye alicheka.

Njiani kurudi akaniambia, "Dada, nitavaa kitenge tu. Mungu haangalii gauni."

Gauni alilitaka. Namjua mdogo wangu.

Wiki ile ile nikamwandikia binti wa mjomba, Upendo, nesi kule Uingereza. Akajibu, "Mbona hamuangalii mnadani? Huku watu wanauza magauni waliyovaa siku moja tu!"

Akanielekeza. Mwenye nguo anaweka picha na siku ya kufunga. Wanunuzi wanapanda dau. Saa ikifika, aliye juu ndiye anabeba. Mimi sina kadi ya benki ya kulipia mtandaoni, nani alikuwa nayo enzi hizo? Upendo angelipa kwa ya kwake, mzigo ufike kwake, yeye aniletee kwa posta. Mimi ningemrudishia kidogo kidogo.

Nikampima Penina, nikaingia kafe.

Siku ya tatu nikaliona.

Rangi ya maziwa, mikono ya lesi, pindo refu la kuburuza. Muuzaji ameandika kwamba alikuwa mcheza mpira wa kikapu. Wakuu, nilipiga kelele watu wote wakageuka!

Hapa mnaoanza mnisikilize. Msinunue kwa namba ya size. Kumi na nne ya nchi moja si kumi na nne ya nyingine. Muulize muuzaji vipimo vya nguo yenyewe: kifua, kiuno, bega mpaka pindo. Mimi niliuliza, na yule mama wa kizungu akaitandaza nguo kitandani, akaweka futi juu yake, akanipigia picha. Muuzaji anayekasirika ukimuuliza vipimo, huyo mkimbieni.

Nikaweka dau langu la kwanza. Muda wangu ukaisha, nikanyanyuka mbio kuwahi gari la Usa. Ukurasa nikauacha wazi.

Kosa hilo. Mtaona.

Baada ya siku mbili nakuta kuna mtu kanipita. Nikapanda. Kesho yake kanipita tena. Nikapanda. Wiki nzima ikawa hivyo. Nikamchora kichwani: mzungu fulani, kakaa kwake na chai, hana shida ya chochote, anamnyang'anya mdogo wangu gauni.

Ikawa vita. Na hili nalo mlijue, mnada una joto lake. Ukishapanda mara tatu hununui tena nguo, unamshinda mtu. Andika kikomo chako kwenye karatasi kabla hujaanza, ukiwa na akili zako. Mimi cha kwangu nilikivuka Alhamisi.

Mnada ulikuwa unafungwa Jumamosi, saa nane mchana kwa saa za kwetu. Saa saba na nusu niko kafe.

Nikapanda.

Nyuma yangu nikasikia sauti, "Arey! Huyu mtu hana kazi?"

Sikujali. Kwenye skrini yangu nikaona nimepitwa. Nikapanda tena.

"Tena! Tena huyu!"

Nikageuka polepole. Meza ya pili alikaa mama mtu mzima wa Kihindi, sari ya kijani na sweta juu yake, miwani imeshuka puani. Kwenye skrini yake, gauni la rangi ya maziwa. Mikono ya lesi.

"Shikamoo mama," nikasema. "Samahani, unagombea gauni?"

"Marahaba. Ndiyo, lakini kuna mzungu mmoja mkorofi ananipandishia bei wiki nzima."

"Mama, huyo mzungu ni mimi."

Alinitazama. Akatazama skrini yangu. Halafu alicheka mpaka miwani ikadondoka. Nami nilicheka, huku nataka kulia.

Ni Mama Kiran, fundi wa magauni, mzaliwa wa Arusha, duka lake lilikuwa mtaa wa nyuma ya soko. Aliingia kafe siku ile ile ya dau langu la kwanza, akapewa kompyuta ile ile niliyotoka, akakuta ukurasa uko wazi, akajiandikisha kwa jina lake. Kila wiki anapata wateja wenye miili mikubwa, na anawashonea kwa kukisia. Akasema alitaka gauni lile alifumue, achore kila kipande kwenye karatasi, aelewe wenzetu wanakata vipi bega pana.

Nikamweleza habari za Penina. Nilipofika kwenye turubai, aliacha kucheka.

"Nani kasema hivyo?"

Nikamtajia duka.

Alivua miwani, akaifuta na ncha ya sari. "Basi mimi nimetoka. Panda wewe. Harusi ikiisha utaniazima wiki moja nichore. Silifumui."

Kabla sijashukuru, bei ikaruka. Si mimi, si yeye. Mtu wa tatu!

"Sasa huyo," akasema Mama Kiran, "ndiye mzungu."

Zilibaki dakika sita.

Akavuta kiti kando yangu. Kumbe yeye alikuwa amesoma maelekezo, jambo ambalo mtaalamu wa kompyuta hakulifanya. Akaniambia usipande kidogo kidogo. Weka mara moja kiasi cha mwisho unachoweza. Mtandao hauchukui chote, unakupandishia wenyewe hatua kwa hatua, pale tu mwingine anapokupita.

"Na mimi naongeza kidogo juu ya cha kwako," akasema. "Ni ada yangu ya kuchora."

Nikaandika. Nikakagua sifuri mara mbili. Nikabonyeza.

Umeme ukakatika.

Kafe nzima, "Aaaah!" Skrini nyeusi. Sijui dau limekwenda au limebaki njiani. Nikamuuliza mwenye kafe habari za jenereta, akasema haina mafuta.

Mimi nilikaa nimeganda. Mama Kiran ndiye aliyenishika mkono. "Ng'ambo ya barabara kuna ofisi ya safari, wana jenereta. Twende!"

Wakuu, tulikimbia. Yeye kashika pindo la sari kwa mikono miwili, mimi viatu mkononi. Madereva wanatupigia honi, wauza magazeti wanatushangilia bila kujua tunakimbilia nini.

Tukaingia. Dada wa mapokezi alikuwa anaandika ratiba ya wageni.

"Neema, inuka!" Mama Kiran akasema huku anahema. "Nani alikushonea gauni la harusi?"

"Ni wewe mama."

"Basi inuka, mwanangu."

Akainuka. Modemu ikaanza kulia, kwii, kwaa. Nikaingiza jina langu nikakosea. Nikaingiza tena. Ukurasa ukashuka mstari kwa mstari.

Mnada umefungwa.

Nilitaka kufumba macho. Mama Kiran akanichoma bega kwa kidole. "Soma chini. Soma chini!"

Chini kulikuwa na jina langu. Hongera, umeshinda.

Dau lilikuwa limefika. Yule wa tatu alipanda mpaka hatua moja chini yetu, muda ukamwishia. Tulikumbatiana, tukaruka, Neema naye akaruka. Watalii waliokuwa wanasubiri gari la Ngorongoro wakatupigia makofi.

Mzigo ulifika posta baada ya mwezi na zaidi. Kwenye bajeti wekeni usafiri na ushuru, msinunue kwa macho ya bei ya mnadani tu.

Tukalifungulia dukani kwa Mama Kiran. Zuri kuliko picha. Lakini nyuma, karibu na pindo, doa la kahawia upana wa kiganja. Muuzaji alipiga picha za mbele tu, na mimi sikuomba za nyuma. Ombeni picha za nyuma, za ndani, za pindo na za kwapani.

Tena lilimpwaya Penina kifuani. Hapo nikakumbuka kwamba nilimpima mwezi wa saba, baridi la Meru linauma, juu ya sweta! Nikaona aibu.

Mama Kiran hakushtuka. "Kupunguza ni kazi ya mchana mmoja. Kuongeza ndiyo ugomvi." Doa akalifunika na maua ya lesi, akayazungusha pindo lote.

Siku ya kujaribisha, Penina alisimama na mgongo wake wa siku zote, amejikunja. Mama Kiran, pini mdomoni, akampiga kofi dogo mgongoni.

"Simama. Nikikupima umeinama, na gauni litainama."

Penina akasimama. Kioo cha duka kiliishia shingoni mwake, ikabidi tukinyanyue watu wawili ili ajione. Alijitazama muda mrefu. Mimi ndiye niliyelia.

Siku ya harusi, tarumbeta zinalia pale kanisani Kikatiti, akaingia. Vigelegele vilianza mlangoni, vikamfuata mpaka mbele. Mama yetu alishika benchi kwa mikono miwili.

Kwenye picha, mpiga picha akamwambia, "Bibi harusi, kunja magoti kidogo mlingane na bwana."

Penina akasema, "Piga hivi hivi. Nimeinama vya kutosha."

Elibariki akainua uso wake, akamwangalia mkewe, akasema, "Piga na mimi nikimtazama."

Ndiyo picha iliyoko sebuleni kwao hadi leo.

Kwa hiyo dada uliyeuliza, jibu langu ni ndiyo, nunua. Pima mwili bila sweta, uliza sana, weka kikomo, na ukitoka kafe funga ukurasa. Lakini mimi ningeufunga, nisingempata Mama Kiran, na yeye ndiye aliyeniokoa. Kwa hilo sijui niwashauri nini.

Waliowahi kushinda mnadani semeni mlishinda nini. Waliopigwa nao wasione haya, waseme walipigwa wapi ili wengine wapone. Na wale warefu wenzake Penina, mkipita kimya nitajua mmeinama.