Mfuko wa Mlangoni

Huku Marekani, kule Tonawanda, kiwandani ninakofanya kazi, mashine ikianza kuyeyusha plastiki wenzangu huziba pua. Mimi hapana. Mimi huvuta pumzi mpaka tumboni, maana ile ndiyo harufu ya kwetu: ya mfuko mweupe wa plastiki tuliopewa siku tunaondoka kambi ya wakimbizi Tanzania, karatasi zetu zote zikiwa ndani.

Mfuko ule ulikuwa na msumari wake. Louisville, mji wetu wa kwanza, ulining'inia kando ya mlango. Tulipohamia Columbus, hata magodoro hayajaingia, Mama aligonga msumari kwa kisigino cha kiatu, akautundika, akasema, "Haya, sasa tumefika." Kambini kila mtu alifanya hivyo, ili akiambiwa atoke, mkono uupate hata kama macho hayaoni.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, sina rafiki hata mmoja. Shuleni, mtaa wa Clintonville, nilikula peke yangu dirishani, nikitafuta magari mekundu barabarani. Msinionee huruma sana, yalikuwa mengi.

Ndipo mwalimu akatuletea riwaya ya Mmarekani mmoja mweusi, marehemu. Kwanza alitusimulia maisha yake: alizaliwa kwenye mashamba ya tumbaku, akafanya kazi machinjioni Louisville, akahamia Columbus kufagia stesheni, akafia Buffalo, na vitabu vyake vyote aliviandikia kwenye meza ya jikoni. Nilishtuka. Huyu mzee kapita njia yetu! Basi rafiki yangu wa kwanza Columbus alikuwa mtu aliyekwisha kufa.

Katika riwaya hiyo, baba mmoja aliyefukuzwa na mwenye shamba anaweka gunia nyuma ya mlango miaka yote, na hataki liguswe. Mwalimu akauliza, gunia hili ni ishara ya nini? Mikono ikapanda. Utumwa. Ukandamizaji. Hofu. Nami nikainua wangu, mara ya kwanza tangu nifike.

"Siyo ishara," nikasema. "Ni karatasi zake. Hata sisi tunalo."

Darasa zima likaangua kicheko. "Lilete basi tulione!" akasema mmoja.

Nikalileta. Kesho yake, Ijumaa, Mama alipokwenda zamu yake ghalani, niliuteremsha mfuko nikaenda nao shule. Safari hii hawakucheka. Msichana mmoja aligusa picha ya Mama ameshika kibao chenye namba kifuani, akaniuliza taratibu kama alifungwa. Nikamweleza kambi ni nini. Mchana akaja kukaa nami dirishani. Furaha ile, jamani! Nilipanda basi la shule nikiwa nacheka peke yangu, na mfuko nikauacha chini ya dawati.

Mama alirudi, akauona msumari mtupu.

"Mfuko uko wapi, mwanangu?"

Nilimjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yangu, kwamba uko shuleni. Jumanne tulikuwa na miadi ya karatasi za ukaazi, na shule ilikuwa imefungwa mpaka Jumatatu. Mama hakunipiga. Aliketi sakafuni chini ya ule msumari na jaketi lake la kazini, na kwa siku mbili hakuvua viatu.

Jumatatu tulikwenda wote. Mfuko ulikuwa juu ya meza ya mwalimu, hakuna kilichopungua. Mama aliukumbatia kama mtoto mchanga. Tulipotoka nje akaniuliza, "Uliwaonyesha ili iwe nini?"

"Ili mtu akae na mimi."

Tulipofika kituoni akasema, "Sasa umempata?"

"Mmoja."

"Haya. Mlete ale maharage."

Alikuja mara tatu, kisha tukahamia Buffalo, na Mama akagonga msumari tena.

Siku hizi tuko Kenmore, kando ya Buffalo. Karatasi ziko kwenye droo, na Mama ameshakula kiapo cha uraia. Mfuko bado unaning'inia mlangoni, mtupu. Juzi nilitaka kuutupa. "Uache," alisema, tena kwa haraka, mkono tayari uko msumarini. Nikamwangalia miguuni: alikuwa amevaa viatu, ndani ya nyumba yake mwenyewe, Jumapili alasiri.

Nilibisha kwamba gunia la riwaya siyo ishara kwa sababu mfuko wetu ulikuwa umejaa. Leo mwalimu akiniuliza tena, sitakuwa na haraka ya kuinua mkono.