Muhuri wa SIRI niliugonga mimi, na barua ilishakaa ubaoni siku nne

Admin, naomba usitaje jina langu wala ofisi yangu. Nina miaka thelathini na sita, naishi Lumemo hapa Ifakara, nina watoto wawili, na nafanya kazi masjala kwenye ofisi moja ya serikali. Napokea barua, naziandika kwenye rejesta, naziweka kwenye mafaili. Mafaili ya wazi yako kwenye rafu, ya siri yako kwenye kabati la chuma. Siku naajiriwa nilikula kiapo cha kutunza siri, na sijawahi kukivunja hata kwa mume wangu.

Mwaka huu ilikuja barua ya mipaka, inayoeleza bikoni za hifadhi zitapita wapi na mashamba gani ya mpunga yataingia ndani. Ilikuja kawaida tu. Nikaiandika kwenye rejesta ya barua za wazi, nikatoa kopi, mtendaji wa kijiji akaichukua na kuibandika kwenye ubao wa matangazo. Ilikaa pale siku nne. Mume wa dada yangu ana ekari zake upande huo. Akaisoma, akaipiga picha, akairusha kwenye magrupu ya WhatsApp na maneno machache: "Wenzangu, hii mmeiona?"

Picha ikasambaa, simu zikaanza kuingia ofisini. Bosi akaniita. "Hii barua ilitakiwa iwe ya siri tangu mwanzo. Igonge muhuri, ihamishie kabatini." Nikamuuliza, "Tarehe niweke ya leo?" Akasema, "Weka ya siku ilipoingia." Nikaweka. Ukweli ni kwamba sikufikiria chochote, nilikuwa nawaza kwenda kumchukua mtoto shule.

Wiki iliyofuata shemeji akakamatwa kwa kusambaza nyaraka za siri. Dhamana hakuna. Wakili wake aliomba kuiona hiyo barua, akajibiwa kuwa ni siri, haitolewi. Shemeji anasema ilikuwa ubaoni, mtendaji anasema hajawahi kuibandika. Walioisoma pale ni wengi, lakini nani aende kusimama mahakamani aseme na yeye alisoma siri ya serikali?

Kila Jumapili dada akitoka kumpelekea mumewe chakula mahabusu hupita kwangu. Huniuliza, "Mdogo wangu, wewe uko humohumo serikalini, hujasikia lolote?" Namjibu sijasikia, kisha namwekea chai. Jamani, mimi silii. Nalala vizuri, nakula nashiba. Nimekuwa kama jino lililochomwa ganzi, najua kuna kitu kinang'olewa ila sisikii maumivu. Hali hii inanitisha kuliko kesi yenyewe.

Sasa nimeletewa wito wa mahakama. Mimi ndiye shahidi wa upande wa serikali, naenda kuutambua muhuri na mwandiko wangu. Bosi, ambaye hajui kuwa mshtakiwa ni shemeji yangu, kaniambia, "Unajibu ulichoulizwa tu. Ukiongeza neno umevunja kiapo, na adhabu yake unaijua." Ile rejesta bado iko kwenye droo yangu, inaonyesha barua iliingia kama barua ya wazi, na hakuna aliyeiulizia. Nikiipeleka kwa wakili naweza kuingia ndani mimi, niache wanangu. Nikinyamaza, shemeji anafungwa kwa mkono wangu.

Jumapili iliyopita dada alikuja amechangamka kidogo. Kasikia kuna shahidi atatoka ofisini. "Simjui ni nani," akasema, "ila nitakaa benchi la mbele nimtazame usoni. Nikimtazama atasema kweli." Akaniomba nimsindikize siku hiyo, asikae peke yake. Nikamwambia nitakuja.

Kesi ni Alhamisi. Ndugu zangu mnaosoma hapa, hasa mliokula kiapo kama mimi, msinitukane, nipeni neno la kushika. Dada atakuwa benchi la mbele. Nikiulizwa muhuri huu ni wa nani, nijibu halafu nikae, au niendelee kusema?