Mtani Kala Jina la Mwanangu

Naomba mniambie kama sina haki ya kukasirika.

Keki ya kipaimara cha Neema nimeipamba tangu alfajiri. Krimu nyeupe, jina lake juu kwa korosho nzima nzima.

Tunarudi kutoka kanisani, jina limebaki MA.

Mzee Chilumba, mtani wa ukoo wa mume wangu, kakaa mkekani anatafuna.

"Mama Neema, korosho hukuzikaanga vizuri."

Nikafungua mdomo. Mama mkwe akanibana mkono.

"Mtani hakasirikiwi. Mpe soda."

Watu wote wakacheka, hadi Neema mwenyewe.

Soda nimempa, na shikamoo juu.

Ila binti yake anaolewa karibuni, na keki nimeagizwa mimi. Utani si ni wa pande zote, jamani?