Miji ya Mwenyekiti

Kila Jumamosi mchana, kwenye mkahawa mmoja wa jumba la maduka la Galerie d'Ixelles, mwenyekiti wa chama cha wapenzi wa hadithi za majoka na wachawi alitandaza ramani ya falme walizozibuni wenyewe, akakohoa mara mbili, akafumba macho na kutega kitendawili chenye vina. Vina vilichechemea, lakini aliyeshindwa kutegua alitoa mji wake mmoja kwenye ramani, naye mwenyekiti aliupaka wino mwekundu taratibu, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. "Bon, umeshindwa, donc unipe muji," alisema kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kifaransa. Hata jibu sahihi alilikataa kwa kuinua kidole tu. Siku moja Georgina, Mtanzania aliyekwisha kupokonywa miji yake yote, alitega chake: "Mchana kutwa hunifuata, gizani nikimtafuta sitampata." Mwenyekiti akakohoa, akakohoa tena, lakini kivuli, jibu la mtoto wa chekechea, hakikumjia. "Nipe mji," Georgina akasema. Kalamu ikazunguka juu ya ramani karibu nzima iliyoiva kwa wekundu wake, ikapita, ikarudi, kisha ikagonga mji wa mwisho wa Sephora, aliyeketi ubavuni mwa mwenyekiti.

"Kamata hii," akamwambia Georgina.

"Président, hii ni muji yangu!"

"Alors? Lazima kila muntu ajitolee," akajibu, akafunika kalamu.