Elkana, Mwalimu wa Ngumi Asiye na Cheti

Elkana alifundisha ngumi chuoni kwetu miaka tisa bila karatasi hata moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa dhambi yake, na mimi Truphena, karani wa chuo, naieleza kwa hasira ambayo haijapoa.

Alitoka Macalder, kwenye mashimo ya dhahabu, ambako wachimbaji walipigana mikono mitupu kila Jumapili. Meno mawili ya mbele aliyaacha huko. Chuo chetu cha ualimu, nje kidogo ya Rodi Kopany, kilimwajiri kufyeka nyasi, lakini jioni aliwavalisha wanafunzi glavu akawapiganisha mpaka mate yao yawe mekundu. Ulikuwa mchezo wa kikatili, sitaupamba. Ila alikuwa na sheria moja. Ukisema "oroma", yaani imenitosha kwa Kijaluo, ngumi zinakoma papo hapo, hata kama mwenzako ameshainua mkono. Aliyepiga baada ya neno hilo alifukuzwa asirudi tena. Wanafunzi wakamwita japuonj, mwalimu, na walimu wenye digrii wakanuna.

Mwaka wa 1997 bodi ikaamua kwamba kila mtumishi wa michezo lazima awe na diploma, cheti cha ukocha na cheti cha huduma ya kwanza. Elkana akaitwa kwenye usaili kama mgeni. Mimi nilikuwa naandika kumbukumbu.

"Vyeti vyako viko wapi?" mwenyekiti akamuuliza.

"Sina, mheshimiwa. Lakini hawa vijana nawajua. Hakuna hata moja amekufa mkononi yangu."

Wakacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Kazi akapewa Bichage, Mkisii mwenye vyeti vyote vitatu kwenye faili ya plastiki. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Aliwapima wanafunzi presha, akawatafutia kinga za meno, akawafundisha kuinua glavu ya kushoto wakitaka pambano lisimame. Elkana akarudi kwenye nyasi zake, na mkuu wa chuo akamkataza kukaribia ulingo.

Oktoba kikaja chuo kimoja cha upande wa Migori kupigana nasi. Bichage akawa refa, maana hakuna mwingine aliyekuwa na cheti. Kwenye kona yetu akaketi mwalimu wa hisabati aliyewahi kuhudhuria kozi ya huduma ya kwanza ya siku mbili. Bingwa wetu alikuwa Boaz, kijana wa Ndhiwa ambaye Elkana ndiye aliyemvalisha glavu za kwanza maishani mwake.

Raundi ya pili mgeni akampasua Boaz nyusi. Damu ikamwingia machoni. Akapigwa mbavuni, akapigwa sikioni, akamkumbatia mpinzani ili asianguke. Mtu ambaye kichwa kinavuma hakumbuki glavu ya kushoto. Anakumbuka lugha ya mama yake.

"Oroma!" Boaz akalia.

Hapo ndipo balaa lilipoingia. Kwa Kikisii, koroma ni kuuma kwa meno, na mwaka huo dunia nzima ilikuwa imesikia habari za bondia aliyemng'ata mwenzake sikio. Bichage akawatenganisha. Akamkagua Boaz sikio, akamfungua mgeni kinywa, akamwonya kwa kidole. Kisha akasema, "Endeleeni!"

"Weye! Weye!" Elkana alikuwa akipiga kelele, mwache, mwache, huku akiparamia kamba. Askari wawili wa geti wakamvuta miguu kama walivyoagizwa, wakamwangusha kifudifudi, wakamkalia mgongoni. Boaz akalia lile neno mara ya pili. Mara ya tatu alilisema kwa sauti ndogo, na glavu ikampata kidevuni. Alianguka kisogo kwanza kwenye nguzo ya chuma, na mlio wake ulisikika hadi jikoni. Alikata roho kabla gari halijafika hospitalini Homa Bay.

Habari iliporudi, wanafunzi waliokota mawe. Jiwe la kwanza lilimpasua Bichage mdomo, la pili likamwangusha. Elkana akapita katikati yao, akamwinua, akamfunika kwa mwili wake, na mawe yakatua mgongoni mwake mpaka stoo ya michezo, ambako mimi nilikuwa nimejificha na funguo. Tukafunga komeo.

Nje walikuwa wakiugonga mlango kwa vyuma, wengine wakiitisha mafuta ya taa. Bichage, shati lote damu, akauliza, "Mzee Elkana, yule kijana aliumwa wapi? Mbona sikuona alama ya meno?"

Elkana akamjibu, "Hakusema ameumwa. Alisema imemtosha."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Bichage alisimama. "Basi nifungulieni nitoke," akasema. "Hao wana haki." Akashika komeo na kulivuta, nami sikuwa na nguvu za kumzuia. Elkana akampiga ngumi moja ya taya. Bichage akaanguka juu ya magodoro ya mazoezi, hana fahamu. Elkana akamgeuza ubavu ili damu isimzibe koo, kisha akauegemea mlango kwa mgongo ule uliochubuka, mpaka polisi wakafika.

Bodi ilipokutana, faili ya Bichage ilionekana iko sawa. Mwenyewe alisimama akaeleza kwamba ngumi ile ndiyo iliyomwokoa. Mwenyekiti akamuuliza kama ana jambo hilo kwa maandishi.

Elkana akafukuzwa kwa kosa la kumpiga afisa wa chuo. Alikuja ofisini kwangu nimsomee barua, nikamsomea.

"Ni kweli, nyaminwa, dada yangu, nilimpiga," akasema. "Na Boaz? Wameandika nini?"

Nikaisoma tena barua yote, kuanzia juu hadi kwenye mhuri. Jina la Boaz halikuwamo.