Gari la Kamba Kati ya Baba na Mama

Darasani kwangu Gurei kuna magunia mawili ya matofali ya plastiki, yale ya watoto kuchezea, mekundu, ya njano na ya buluu. Kila asubuhi watoto wanapoyamwaga sakafuni na kuanza kuyabana moja juu ya jingine, tak, tak, mimi hurudi nyumbani kwetu, mtaa wa Hai Malakal, Juba, bila kuinuka kwenye kiti. Namwona baba amepiga goti mbele ya mnara unaonifika kifuani, ameshika timazi, na kuku wa mama wamesimama wakimtazama.

Lakini nianze na jinsi tulivyokuwa tukiishi. Baba ni fundi mwashi. Miaka yote ya ukimbizini Uganda alijengea watu nyumba, na yetu akaijenga mwisho: vyumba vitatu na baraza, na mama akapanda maua mbele ya baraza. Wakati wa kurudi Juba ulipofika, baba aliiuza nyumba ile bila kumwuliza mama. Alidhani anamwondolea mzigo. Mama alipata habari kutoka kwa mnunuzi mwenyewe, aliyekuja asubuhi moja kupima madirisha kwa ajili ya mapazia yake. Hakupiga kelele. Alifunga masufuria yake, akaja nasi Juba, akachagua tukul, nyumba ya msonge, iliyo upande wa pili wa uwanja wetu, yenye jiko nje, na tangu siku hiyo hakumsemesha baba tena. Miaka mitatu ikapita hivyo.

Si kwamba alimtupa. Alimpikia, alimfulia, na akiumwa alimchemshia dawa. Ila maneno yote yalipitia kwangu. "Mwambie baba yako chakula tayari." "Mwambie mama yako chumvi imezidi." Kutoka baraza la baba hadi jiko la mama ni hatua ishirini na mbili, nilizihesabu kwa miguu yangu mwenyewe. Wanasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Mimi nilikuwa nyasi yenye cheti cha ualimu wa chekechea, mtu mzima, nikitumwa kwenda kusema chumvi imezidi.

Ndipo shule yangu iliponihamishia tawi lake la Gurei, pembeni mwa mji. Ningekaa huko wiki nzima na kurudi nyumbani Ijumaa. Niliwaeleza siku likizo ilipoanza, kila mmoja kwake. Mama alisema sawa. Baba alikuna kidevu.

"Na maneno, nani iko nabeba?"

"Mtabebeana wenyewe, baba," nilimjibu, na kwa ukali. Nilikuwa nimechoka, sitadanganya.

Matofali yale yalikuwa ya shule. Yalikaa stoo na panya mpaka yakanuka, nami nikajitolea kuyaosha likizo ile ili niende nayo Gurei. Nikayaloweka kwenye karai la sabuni uwanjani. Baba akatoka, akainama juu ya karai.

"Umeloweka tofali," alisema. "Iko najenga nini?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Kwa mwashi, mtu haloweki matofali bila sababu. Tofali kavu hunywa maji ya saruji na ukuta hupasuka, ndiyo maana mafundi huyalowesha kwanza. Kesho yake asubuhi nilikuta yote niliyoyaanika yamerudishwa kwenye maji.

"Baba, hii ni plastiki. Hainywi kitu."

"Tofali ni tofali, ya biniya," aliniambia. Ya biniya ndivyo wanavyoniita nyumbani, yaani ewe msichana, ingawa usichana wenyewe umekwisha kitambo. "Na mimi iko na kazi yake. Najenga gari ya kamba, kama ile ya chai."

Sikuhitaji kuuliza ya chai ipi. Hadithi ile tulilelewa nayo. Baba akiwa kijana alipiga lipu kiwanda cha chai bondeni, magharibi mwa Uganda, na mama alichuma chai kilimani juu. Waya mrefu ulivuka bonde ukishusha magunia ya majani. Siku moja gunia la mama lilikwama katikati, na kazi yote ikasimama. Baba alitafuta ufito mrefu, akapanda kwenye mwamba na kulisukuma nao, huku akipaza sauti: "Wewe wa juu, umejaza kupita kipimo!" Hilo ndilo neno la kwanza alilowahi kumwambia. Zamani mama alipenda kumwigiza sauti hiyo mbele ya wageni, na sisi watoto tulicheka mpaka tukashika mbavu. Tangu tufike Juba sikuwa nimeisikia.

"Baba, Jumatatu shule inafunguliwa. Matofali haya naondoka nayo."

"Najua. Hata jukwaa ya kusimamia tukijenga, tunaibomoa nyumba ikisimama."

Basi tukajenga, wiki mbili nzima. Mnara wa kwanza ulisimama barazani kwake, matofali yamepishana kama ukuta wa kweli, na ndani tumejaza mchanga ili upepo usiuangushe. Kila mistari mitano aliupima kwa timazi. Nikibandika tofali jekundu juu ya jekundu jingine bila kupishanisha viungo, alilibandua kimya kimya na kunipa tena mkononi, na mimi, mwalimu wa wenye miaka minne, nikalibandika upya. Juu ya mnara tuliweka gurudumu la gari la kuchezea lililovuliwa mpira, na ule mfereji wake ukashika uzi wa fundi barabara. Mpini wa kuzungushia aliutengeneza kwa kijiko.

Tatizo lilikuwa mnara wa pili. Ulipaswa kusimama karibu na jiko la mama, na baba hakuthubutu kukanyaga huko. Nikatumwa.

"Mwambie baba yako kuku wangu watajikwaa," mama alisema, akichambua mboga.

"Mwambie mama yako kuku iko na macho," baba alijibu.

Mama alinitazama nikirudi na jibu hilo. Akasogeza kiti chake kidogo, kiasi cha upana wa mnara, akaendelea na mboga zake.

Nikaujenga mimi, huku baba akinielekeza kutoka ng'ambo kwa mikono yake, juu, kushoto, toa hiyo. Nina hakika majirani walidhani tumerukwa na akili. Lakini nilifurahi siku zile kuliko nilivyofurahi tangu turudi. Nilikuwa napita katikati ya wazazi wangu na tofali mkononi, si na lawama ya mtu.

Jumamosi, mama akiwa sokoni, tulilijaribu. Gari lenyewe lilikuwa kisanduku chekundu cha matofali kinachoning'inia kwenye uzi uliovutwa kati ya minara miwili. Baba alitia ndimu mbili, kwa sababu mama hanywi chai bila ndimu, akazungusha kijiko, na kile kisanduku kikavuka uwanja kikiyumbayumba mpaka ng'ambo. Nilipiga makofi peke yangu. Akatia ndimu tatu. Kilifika katikati, uzi ukalegea, gurudumu likawa linazunguka bure. Akatoa kalamu ya risasi sikioni na kuandika ukutani, kama afanyavyo kwa kila kipimo cha kazi yake: 2.

Jumapili tuliporudi kutoka kanisani, mama alibandika maji ya chai. Mimi nilisimama upande wake, tayari kupokea. Baba aliinama juu ya gari lake, mimi nikikagua uzi upande huu, kisha akaanza kuzungusha.

Kisanduku kilitoka vizuri. Mama alikuwa na mwiko mkononi na hakuugeuza sufuriani, alikuwa anatazama. Kufika katikati kikazama, kikasimama. Baba aliendelea kuzungusha na hakuna kilichosogea. Kesho yake ningevunja kila kitu na kuondoka, na wale wawili wangebaki kila mtu na upande wake. Nilipiga hatua kwenda kukisukuma, mama akanishika mkono.

"Kaa."

Akaenda yeye, na mwiko wake. Alifika katikati ya uwanja, akachungulia ndani ya kisanduku, akahesabu kwa midomo. Kisha akainua uso.

"Mzee," alimwambia baba, "umejaza kupita kipimo."

Hakukisukuma kuja kwangu. Alikisukuma kwa mwiko kurudi kwa baba, akitembea nacho pole pole, hatua zote kumi na moja zilizobaki, mpaka wakasimama mnara ukiwa kati yao.

"Toa moja."

Baba akatoa ndimu moja. "Malesh," alisema, samahani ya Juba, neno tunalolisema hata tukimkanyaga mtu sokoni. Halafu akalirudia. "Na ya ile nyumba. Malesh, mama ya watoto. Mimi nilikosa."

Maji yalikuwa yanachemka nyuma yangu, nami sikuweza kugeuka.

"Zungusha," mama alimwambia.

Ndimu mbili zikavuka uwanja zikanifikia mimi. Nilizipokea nikilia, na chai ile niliipika mimi, kwa sababu mpishi alikuwa ameketi barazani akimweleza baba kwa kirefu, kwa mara ya kwanza, kila ua alilolipanda kule Uganda na jinsi lilivyochanua.

Jumatatu niliyatia matofali kwenye magunia nikapanda boda kwenda Gurei. Ijumaa niliporudi nilimkuta baba jikoni kwa mama, wakigombana juu ya sukari, uso kwa uso. Penye minara palikuwa na vichuguu viwili vya mchanga tu, na kuku wanakogea humo.

Tukiwa wawili tu, nilimwambia mama kilichokuwa kinanikera. Baba alijua tatu hazipiti. Kipimo kilikuwa ukutani, kwa mwandiko wake mwenyewe. Vipi fundi asahau?

Mama aliendelea kukamua ndimu kwenye kikombe.

"Nilimwona akitia ile ya tatu," alisema. "Kwani unadhani gunia langu la chai lilijijaza lenyewe?"